Mhariri, neno "zimesagika" lilinilaza kitandani miezi 4

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote mnaotuandalia gazeti. Mimi ni fundi cherehani hapa Tandika, Temeke, kazi hii naifanya tangu 2004, na gazeti lenu nalisoma kwa sababu jirani yangu wa duka la vocha analinunua na akimaliza ananiletea, kwahiyo naweza kuchelewa siku mbili lakini silikosi. Naandika kwa ajili ya ule ukurasa wa afya wa juzi juzi, yule kijana wa miaka 27 aliyesema mgongo unamuuma huu mwezi wa pili, kapiga eksirei kaambiwa hakuna kilichoonekana, kwenye cheti wameandika tu maumivu ya mgongo basi, na akauliza sasa jamani mimi naumwa nini. Akajibiwa alale kwenye godoro gumu, asiiname, asiinue kitu chochote, avae mkanda mpaka apone. Mhariri nililisoma lile jibu mara mbili machozi yakanilenga, mana ndo jibu nililopewa na mimi, na mimi nikalitii neno kwa neno, nikalala miezi 4, na ile miezi 4 iliniharibia kuliko mgongo wenyewe.

Mimi ilinianza Januari ya mwaka juzi. Wenye kazi yetu wanajua Januari ni mwezi wa sare, wazazi wote wanakuja wiki moja na kila mmoja anataka ya kwake Jumatatu, unakaa kwenye cherehani saa 12 asubuhi unanyanyuka saa 4 usiku, kistuli hakina egemeo, mguu kwenye pedeli. Siku hiyo bobini ilianguka, nikainama kuiokota, kitu chepesi kuliko hata kijiko, nikasikia kiunoni kama kamba imekatika, nikabaki vile vile nimeinama, mkono umeshika mguu wa cherehani, siwezi kwenda juu siwezi kwenda chini. Mama mmoja aliyekuja kuchukua sketi ya mwanae ndo akanishika kwapani akanilaza juu ya vitambaa.

Hapo sasa kila mtu akawa na jina la ugonjwa. Jirani wa kushoto akasema hiyo UTI, kila mwanamke mgongo ukimuuma ni UTI, nikanunuliwa dawa za UTI bila hata kupima mkojo. Shangazi akasema chango. Mtu wa duka la dawa akasema figo, kunywa maji mengi. Dada yangu akanikumbusha nilijifungua kwa operesheni na kuchomwa ile sindano ya ganzi mgongoni, akasema ndo hiyo, haiachi mtu salama. (Hili la sindano wanawake wengi tunaliamini, na mimi nililibeba miaka 11, kumbe limefuatiliwa hospitali za wenzetu wakalinganisha waliochomwa na ambao hawakuchomwa, maumivu ya mgongo ya muda mrefu yakawa hayana tofauti. Pale ilipochomwa panaweza kuuma siku kadhaa tu. Wanawake wanaogopa operesheni ya kuwaokoa wao na mtoto kwa sababu ya neno hili, naomba lisemwe.)

Nikaenda hospitali, siitaji, nikapigwa eksirei. Aliyenisomea aliinua ile picha kwenye taa sekunde chache, akasema "mama pingili zako zimesagika", akaandika dawa na mkanda, akaniambia nipumzike, nisiinue kitu kizito tena maisha yangu, akaita anayefuata. Sikuuliza kitu. Ungeuliza nini? Ukiambiwa kitu kimesagika unaona unga. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyebeba mayai, nikiamini ndani yangu kuna mfupa unaopukutika na kila nikiinama unapukutika zaidi, na nikikohoa nasikilizia kama kuna kitu kimeanguka.

Kwahiyo nikalala. Tulishusha godoro chini, mume wangu akaweka ubao chini yake. Binti yangu akawa anachota maji kabla ya shule, mume akawa anasonga ugali, cherehani ikafunikwa shuka. Mkanda ulinibana nikauacha, nikawa najifunga khanga mbili kiunoni kwa nguvu, nazikaza mpaka alama inabaki. Wiki ya kwanza nilipata nafuu kidogo, ya pili nikakaza kama mti, mwezi wa pili nikisimama miguu inatetemeka, mwezi wa tatu kwenda chooni ni safari. Na mimi kila nilivyozidi kudhoofu nilikua naona ndo uthibitisho, unaona, zinaendelea kusagika. Na hela hakuna. Nilikua na mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na nawaambia ukweli siku ya marejesho maumivu yalikua yanapanda mpaka shingoni, siku ikipita yanashuka, nikawa namwambia mume wangu watu watadhani najifanya.

Aliyenitoa kitandani ni dada mmoja wa fiziotherapia, wale wanaotibu kwa mazoezi ya viungo, kwenye hospitali nyingine ambayo nilipelekwa na binti yangu mkubwa anayesoma uuguzi. Hicho chumba nakikumbuka vizuri, kitanda kimoja, kiti cha plastiki, mpira mkubwa wa bluu, na ndoo ya lita 10. Alinisikiliza nusu saa nzima. Akanigonga magoti kwa kinyundo, akanitembeza kwa visigino na kwa vidole, akanigusa miguu kwa pamba akiuliza huku ni sawa na huku, akaniuliza haja ndogo na kubwa zinakwendaje, kama nakonda, kama natoka jasho usiku, kama kwetu kuna mtu mwenye TB, kama nimewahi kuugua saratani, kama nimeanguka. Alafu akaomba ile picha yangu, akaiangalia kwa utulivu, akaniuliza, "Mama, hiyo cherehani yako ina miaka mingapi?" Nikamwambia ilikua ya marehemu mama, si chini ya 30. "Rangi haijabanduka?" Imebanduka. "Gurudumu halijachubuka?" Limechubuka. "Inashona haishoni?" Nikamwambia inashona jinzi. Akasema basi na mgongo wako una miaka 41 na umebanduka rangi kidogo, hiki ninachokiona hapa ni umri wako, sio ugonjwa wako.

Binti yangu baadae alinitafutia kwenye simu akanitafsiria, na hili naomba msomaji alishike. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 zenye picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 ambao HAWAUMWI mgongo kabisa. Wenye miaka 20 tu, 37 katika kila 100 walikua na diski zilizochakaa, diski ni vile vitu vinavyokaa kati ya pingili na pingili. Wenye miaka 80 ni 96 katika kila 100. Diski kuvimba na kutokeza, ile ambayo mtu akiambiwa anaandika wosia, kwa vijana wa miaka 20 ilikua 30 katika kila 100, na hao wanacheza mpira hawana habari. Sasa mtu mwenye maumivu akipigwa picha akakutwa na kitu hicho hicho anaambiwa ndo sababu, wakati hata jirani yake asiyeumwa angepigwa angekutwa nacho. Watu wanakopa laki kadhaa wafanye MRI, ile picha ya mashine kubwa, ili wapate jina, wanarudi na karatasi iliyojaa maneno ya kutisha, na matibabu yanabaki yale yale.

Yule dada alinieleza uti wa mgongo ulivyo. Pingili 33, shingoni 7, kifuani 12, kiunoni 5, na za chini zimeungana, 5 za nyonga na nne ndogo za kifandugu. Kati ya pingili na pingili kwa juu kuna diski, kitu kigumu chenye utepe utepe kama mkanda wa suruali ulioviringwa na katikati ute mzito, haiteleziki kama sabuni kama tunavyoambiwa. Pande zote kuna misuli na kano zimekaza, na katikati unapita uti wenyewe wa fahamu. Akasema hii ndo sehemu imara kuliko nyingi mwilini, inabeba mimba, inabeba ndoo kichwani, na inapenda kazi, ukiinyima kazi inalegea. Na maumivu yanaweza kutoka kwenye msuli, kwenye kano, kwenye kiungio kidogo, kwenye diski, na mara nyingi hakuna kipimo duniani cha kusema kwa uhakika ni hapa. Ndo mana cheti cha yule kijana kimeandikwa vile. Sio kwamba daktari kashindwa wala amemdharau. Shirika la Afya Duniani wenyewe wanasema maumivu ya kiuno ya namna hii, yasiyo na chanzo kimoja cha kuonyesha kwa kidole, ni kama asilimia 90 ya maumivu yote ya kiuno. Mwaka 2020 walihesabu watu milioni 619 duniani wenye maumivu ya kiuno, na wanakadiria 2050 watafika milioni 843, na hakuna kitu kinachowatoa watu kazini na kuwalemaza duniani kote kuzidi hiki. Kwahiyo kijana wangu hauko peke yako na hujarogwa.

Na kukosa jina ni habari njema, hapa ndo ninapotaka nieleweke. Mana kama daktari amekuuliza yale maswali yote niliyoulizwa mimi, amekupima miguu, akaona hakuna dalili ya hatari, alafu akaandika "maumivu ya mgongo" basi, maana yake amekutoa kwenye kundi baya amekuweka kwenye kundi linalopona. Shida wanaliandika bila kulisema. Mgonjwa anaondoka na karatasi tupu, na akifika mtaani ile nafasi tupu inajazwa, huyu anaweka figo, huyu anaweka ngiri, huyu anamwambia mwanaume mgongo ukiuma nguvu za kiume zinaisha, na mwenye dawa yake ya kienyeji anamuuzia chupa.

Sasa kuhusu kulala. Mwaka 1995 kule Helsinki, Finland, walichukua wafanyakazi 186 wa halmashauri ya jiji waliokua wameshikwa na mgongo, wengine wakaambiwa walale siku mbili, wengine wakapewa mazoezi maalum ya mgongo, wengine wakaambiwa endelea na shughuli zako za kawaida kadri maumivu yanavyokuruhusu. Waliopona haraka na kurudi kazini mapema ni hawa wa mwisho, walioendelea na shughuli zao, na waliochelewa kupona ni waliolala. Siku mbili tu hizo! Mimi nimelala miezi 4. Hii habari ina miaka kama 30 na bado mpaka leo gazetini mtu anaambiwa alale.

Yule dada kitu cha kwanza alichofanya ni kunifungua khanga. Nilimshika mkono nikamwambia usinifungue nitakatika. Akasubiri. Akasema fungua mwenyewe, taratibu, mi niko hapa. Nikafungua ya kwanza, nikafungua ya pili, nikasimama, sikukatika. Alafu akaweka maji kwenye ile ndoo ya lita 10 mpaka nusu, akaniambia isogelee, miguu ipanue kidogo, kunja magoti na nyonga, ivute karibu na tumbo, usibane pumzi, inua. Mhariri, niliinua ile ndoo nikalia kama mtoto. Miezi 4 nilikua sijainua hata sufuria.

Mazoezi yenyewe ni ya kawaida sana, hayana mashine. Kulala chali na kuvuta goti moja moja kifuani. Kulala chali umekunja magoti unanyanyua kiuno juu unashusha, mara 10. Kukaa kwenye kiti na kusimama bila kushika kitu, mara 10. Na kutembea. Nilianza dakika 5, kutoka mlangoni mpaka kwa muuza mkaa na kurudi, kila siku mbili naongeza kidogo, baada ya miezi miwili nikawa natoka nyumbani mpaka sokoni Tandika kwa mguu. Kuuma kuliniuma, na hapo ndo watu wengi wanaacha, wanadhani wanajiumiza. Alinipa kipimo, akasema maumivu yakiongezeka kidogo wakati wa zoezi na yakatulia mpaka kesho yake, hujaharibu kitu, punguza kidogo endelea. Kwa mtu wa mgongo wa siku nyingi kengele ya maumivu imekua kali mno, inalia hata paka akipita, lazima uizoeze upya pole pole. Na alinieleza kwanini siku ya marejesho ilikua inapanda, kwamba hofu na kukosa usingizi vinaongeza sauti ya ile kengele, na kwamba yale ni maumivu ya kweli kabisa, sijifanyi. Hilo peke yake lilinipa usingizi.

Kuna utafiti wa Australia wa mwaka 2024 wa watu 701 waliokua wamepona kiuno karibuni, nusu wakapewa mpango wa kutembea wakisaidiwa na mtu wa fizio, lengo dakika 30 mara 5 kwa wiki, nusu wakaachwa. Walioachwa, nusu yao maumivu yaliwarudia ndani ya siku 112. Waliotembea ilichukua siku 208. Kutembea, kitu tunachofanya bure. Na mimi yalinirudia, sitaki kudanganya mtu, yamerudi mara tatu tangu hapo, ya mwisho ilikua Juni. Tofauti ni kwamba siogopi tena, natumia dawa siku chache, natembea hivo hivo taratibu, siku 5 au 6 yanaisha. Kazini nimehamisha vitu, pasi ya mkaa iko mlangoni, mikasi imetundikwa ukutani upande wa pili, mabobini yako kwenye kopo dirishani, kwahiyo kila baada ya muda lazima niinuke nikavifuate. Nilikua natafuta mkao sahihi wa kukaa kumbe mkao mzuri ni kubadilisha mkao.

Dawa nazo niseme. Mtaani kwetu ukishika kiuno tu unachomwa sindano ya maumivu ya diklofenaki duka la dawa, bila cheti, na kuna watu wanameza miezi. Dawa za kundi hili zinasaidia kwa siku chache, hata mimi nimezitumia, lakini zinachubua tumbo, zinapandisha presha na zinaumiza figo ukizizoea, na mwenye vidonda vya tumbo, presha, figo au mjamzito asiguse bila kuongea na daktari. Mama mmoja mteja wangu alitapika damu kwa hizi dawa. Watu wanakwepa figo ambayo haikua na shida wanaishia kuiumiza kwa dawa ya mgongo. Panado nayo, mwaka 2014 huko huko Australia ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 1,600 wenye maumivu ya kiuno yaliyoanza karibuni, haikuwaponesha haraka kuliko kidonge kisicho na dawa. Na Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani walitoa mwongozo wao wa kwanza wa maumivu sugu ya kiuno, wanataka mgonjwa aelimishwe, afanye mazoezi, asaidiwe na mawazo na hofu, kuchuliwa kunaweza kusaidia, ila mikanda ya kiunoni, kuvutwa mgongo kwa mashine na zile dawa kali za jamii ya mofini wamesema visitolewe kama kawaida. Mkanda hawaushauri tangu 2023 na yule kijana ameambiwa avae mpaka apone.

Lakini Mhariri ningekua mwongo nikiishia hapo, mana nina mjomba.

Mjomba wangu ni mkulima, Morogoro vijijini huko, na yeye aliambiwa ni mgongo tu. Alichuliwa, alipewa dawa za ngiri, alichanjwa chale kiunoni, karibu mwaka. Lakini ya mjomba haikua kama yangu. Yangu ilikua na saa zake, nikigeuka hivi inapungua nikikaa hivi inaongezeka. Yake ilikua haipumziki hata usiku, inamuamsha saa 8, shati limeloa jasho, suruali zikawa zinamvuka, na jioni homa kidogo kidogo. Hakua anakohoa hata mara moja kwahiyo hakuna aliyewaza TB. Mke wake ndo aliona wakati anamsugua mgongo bafuni, akapapasa akakuta pingili moja imetokeza kama fundo. Wakati wanamfikisha hospitali ya mkoa mguu mmoja unaburuza. Ilikua TB ya uti wa mgongo. Ugonjwa wa zamani huu, daktari Mwingereza Percivall Pott aliuandika mwaka 1779 mpaka leo unaitwa kwa jina lake, na TB ikiingia kwenye mifupa karibu nusu ya wagonjwa inakaa kwenye uti wa mgongo. Dawa zake kwetu ni bure kama TB nyingine. Mjomba alizimeza mwaka mzima, anatembea, analima, ila kibiongo kimebaki. Angewahi kisingekuwepo.

Kwahiyo kuna wa kuambiwa tembea na kuna wa kukimbizwa hospitali, na kuwatenganisha ni yale maswali ya nusu saa. Ukiona mgongo unauma na haja ndogo imeziba au inatoka yenyewe, au haja kubwa huihisi, au ganzi imeshika sehemu za siri na mapajani kwa ndani pale unapokalia tandiko la baiskeli, au miguu inakosa nguvu, usisubiri asubuhi, nenda usiku huo huo, mishipa ya fahamu ya chini imebanwa na saa zinahesabika. Ukiwa na homa, unakonda bila sababu, jasho la usiku, maumivu yasiyopumzika hata ukilala, au una VVU, au umewahi kuugua TB au saratani, hasa ya titi na ya tezi dume ambazo zinapenda kwenda kwenye mifupa, sema kwa daktari hata kama hajauliza. Ukianguka kwenye mwembe au kwenye bodaboda, au ni mzee ukajikwaa kidogo tu mgongo ukashika, picha ipigwe. Mkojo ukiwa unaunguza na homa na baridi na maumivu yako ubavuni chini ya mbavu, hapo sawa, figo ziangaliwe. Mguu kuuma kama umeme mpaka kwenye unyayo nao uonwe, ingawa wengi wa hao nao wanapona bila kisu.

Kitu kingine kinaniuma. Mdogo wangu anashusha mizigo sokoni, ana miaka 24. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na lumbesa imekatazwa tangu zamani, lakini nendeni alfajiri mkaone magunia ya viazi yameshonewa kilemba juu. Na hata hizo 100, Shirika la Kazi Duniani tangu 1967 walipendekeza mwanaume mzima asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Nimesema mgongo ni imara na naamini, lakini gunia moja la namna ile, alafu la pili, alafu la arobaini, kabla ya chai, hakuna misuli inayopona kati ya safari na safari. Analipwa kwa gunia, kwahiyo akishikwa na kiuno anameza dawa anarudi. Huyu huwezi kumwambia badilisha mkao. Huyu anahitaji gunia lipungue, na wa kulipunguza sio yeye.

Ninachoomba kwenye gazeti ni kidogo. Lile jibu mlirekebishe kwenye ukurasa ule ule. Zile dalili za hatari mziweke kwenye kiboksi, kwa herufi kubwa, mana mke wa mjomba anajua kusoma. Na kwa waganga na madaktari wanaosoma hapa, tunajua foleni ni ndefu, lakini lile neno zimesagika naomba mliache. Semeni "nimekupima, sijaona kitu cha kutisha, itauma lakini itapungua wiki chache hizi, tembea, rudi ukiona moja mbili tatu". Nimehesabu kwa saa ya ukutani, ni chini ya dakika moja. Na hospitali za wilaya zipewe watu wa fizio, na wakiwepo mgonjwa aambiwe wapo, mimi nilipita mlango wao mara mbili bila kujua chumba kile ni cha kazi gani.

Na wewe kijana wa miaka 27, kama una moja kati ya dalili nilizotaja acha gazeti nenda sasa hivi. Kama huna, kesho jua likiwa bado halijakaza, vua huo mkanda, vaa viatu, tembea dakika 5 tu, nenda mpaka pale zinapoishia mbili na nusu urudi. Keshokutwa tena. Mimi saa hizo nakuwa njiani kuelekea sokoni.

Fundi cherehani,
Tandika, Dar es Salaam